Mama Nusu agoma kusema wanawake wameridhika

Saa tatu asubuhi, uwanja wa shule una mistari miwili ya kokoto, kila kokoto shughuli moja ya siku. Wa wanaume unaonyesha siku yao: shamba, tanuri la matofali, kijiweni wanakopiga soga, kulala. Wa wanawake, upande wa pili wa jengo, umeshapita mlango wa darasa la kwanza na bado unaendelea.

Mwanamke mwenye fulana iliyopauka anawaita wanaume waje kuutazama. Wanakuja wakicheka. Mmoja, mfyatua matofali, anadai kukaa kijiweni nako kunachosha. Mwanamke anamwomba aonyeshe mkewe anapumzika kwenye kokoto ipi. Jamaa anaufuata mstari wote, anarudi, anakuna kichwa.

Huyo ndiye Mama Nusu, afisa wa shirika linalochimba visima vijijini. Jina alipewa kwa dhihaka na wajumbe wa kamati ya maji, maana kila wakifikia uamuzi yeye huuliza nusu nyingine ya kijiji inasemaje. Amelipokea kama cheo.

Hakuzaliwa na maswali hayo. Miaka mitatu iliyopita, katika kijiji kingine, aliona wanawake wamejaa mkutanoni, akawahesabu, akaripoti kwamba wameshirikishwa. Kisima kikachimbwa kando ya kijiwe. Wasichana wakawa wanazomewa kila wakiinama kuteka maji, wakarudi mtoni. Hadi leo pampu ile inawanufaisha wafyatua matofali.

"Nilihesabu vichwa, sikusikiliza midomo," anasema. "Walikaa nyuma ya waume zao. Nilitegemea waseme nini?"

Ndipo akaomba kwenda kwenye mafunzo ya uchambuzi wa kijinsia. Alidhani atajazwa maneno makubwa. Akapewa maswali matatu tu: nani anafanya kazi gani, nani anamiliki nini, na nani ana neno la mwisho. Akaanzia nyumbani kwake. Mumewe, fundi cherehani, alipopanga kokoto zake alinuna siku mbili. Siku hizi anaosha vyombo, ingawa kwa kelele nyingi.

Sasa maswali hayo yamemponza. Kamati ya kijiji hiki imeamua kisima kiwe barabarani, penye kijiwe, ambapo wageni watakiona kirahisi. Wanawake, alipowafuata mtoni wakiwa peke yao, walisema wanakitaka chini ya zahanati. Mashine ya kuchimba imeshafika. Alhamisi wafadhili wanakuja, naye ameagizwa asimame mbele yao atamke kwamba wanawake wameridhika. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na bosi amemkumbusha hilo kwa upole unaotisha.

Mshahara wake unalisha watu sita. Mama yake mzazi, anayeishi naye, amemsihi: "Mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Siwatukani, mama," alimjibu. "Nawauliza tu kama wamemsikiliza mzazi."

Anaogopa, wala hafichi. Lakini akiulizwa kama atayatamka maneno aliyoagizwa, anatikisa kichwa kabla swali halijaisha.

Mpango wake ni kuwapitisha wageni mtoni kwanza, asubuhi, kabla kamati haijawapokea kwa hotuba. Dereva wa shirika amekubali, akitania kwamba watafukuzwa wote wawili watafute kazi pamoja. Wanawake nao wamekwisha kumchagua msemaji: mama muuza mkaa, ambaye hajawahi kufungua mdomo kwenye mkutano wowote wa kijiji. Anasema mtoni hana wa kumwogopa.

Na wageni wakikataa kushuka mtoni? Mama Nusu atasimama palepale barabarani, mbele ya bosi na kamati, aseme kwamba wanawake hawakuulizwa, na walipoulizwa walikataa.

"Wakinifukuza, nitahamia kazi nyingine," anasema. "Kisima kikishachimbwa hakihami."