Gurudumu la Chini

Wenzake walimwita Kasuku, naye hakununa. Miaka sita alikuwa mfagiaji katika manowari ya makumbusho, akimsikia mtembeza wageni akisema maneno yaleyale mara tatu kwa siku, mpaka yakamganda kichwani. Mtembeza wageni alipostaafu, Kasuku akavishwa kofia yake. Kasoro yake ilikuwa moja tu: akikatizwa katikati ya chumba, hana budi kuanza maneno ya chumba kizima upya.

Siku moja Mkuu wa makumbusho alipanda basi dogo pamoja na wageni.

"Leo nimekuja kukusikiliza," alimwambia. "Usipunguze, usiongeze. Kumbuka una watoto wanakutegemea."

"Kasuku, leo tumempakia mwenye tundu lako," dereva akamnong'oneza.

Kituo cha kwanza kilikuwa ukuta wa majina ya mabaharia waliokufa vitani. Wageni waliporudi garini, bibi mmoja wa gauni la bluu alibaki, kidole chake kikiwa juu ya jina moja.

"Shikamoo, mama. Tunaondoka."

"Marahaba. Huyu kaka yangu, alikuwa mtia makaa. Nasikia huko melini mnamsimulia."

"Ndiye shujaa wetu, mama. Meli ilipopigwa, alifunga kifuniko cha chumba cha moto kwa mkono wake, akabaki ndani na maji ili wenzake wa juu wapone."

"Mwenzake aliyepona alituambia vingine. Kwamba walifungiwa kwa juu, wakagonga mpaka wakachoka. Mama yetu alikufa watu wakimpa hongera, na yeye hajui ashike lipi. Mimi nina miaka themanini na tatu. Wewe unaingia humo kila siku. Nimekuja uniambie."

"Tutafika, mama," Kasuku akasema.

Jibu alikuwa nalo. Kifuniko kile alikipangusa miaka sita. Kwa juu kina gurudumu la shaba la kukifungia. Kwa chini ni chuma kitupu, hata pa kutia kidole hapana. Hakuwahi kumwambia mtu. Nani amuulize mfagiaji habari za vita?

Katika jumba la makumbusho aliwapitisha kwenye mizinga, sare na barua za mabaharia, na kila sentensi aliyoimaliza ilimsogeza kule asikotaka kufika. Mbele Mkuu, nyuma bibi. Aliomba gari liharibike. Basi lile lililozoea kuzimika mlimani, siku hiyo likapanda kama lililoahidiwa zawadi.

Walishuka ngazi nyembamba ya manowari mmoja mmoja, bibi akishikwa mkono na dereva. Chumba cha moto kilikuwa na joto la watu na harufu ya mafuta ya zamani. Mkuu alibaki juu, pembeni mwa kifuniko kilichokuwa wazi, ncha za viatu vyake zikionekana toka chini.

"Sasa mpo tumboni mwa meli," Kasuku alianza, na maneno yakatiririka mpaka kwenye "ndipo mtia makaa alipoinua mkono." Hapo akamwona bibi akitazama juu. Akakwama. Akarudi mwanzo, kwenye tumbo la meli. Alipofika kwenye mkono, akakwama tena. Mara ya tatu mgeni mmoja alicheka, kisha akaacha.

"Endelea," Mkuu akasema kutoka juu.

"Tazameni hicho kifuniko," Kasuku akasema. Maneno hayo hayakuwamo katika yale aliyoyajua. "Kwa chini hakina pa kushika. Nimekisafisha miaka sita. Wa kukifunga husimama pale aliposimama Mkuu."

Wote wakatazama viatu. Viatu vikarudi nyuma hatua moja.

"Walikuwa wangapi humu?" bibi akauliza.

"Kumi na mmoja, mama."

"Basi hakuwa peke yake," akasema, akaomba mkono wa kupandia ngazi.

Jioni hiyohiyo Kasuku alivuliwa kofia, akarudishiwa fagio. Angeweza kukataa, lakini akatae aende wapi, na umri ule? Juma halijaisha, akaja fundi wa kuchomelea na gurudumu la shaba, akalibandika chini ya kifuniko. Siku hizi yupo dada mwenye sauti nzuri anayeeleza wageni habari za yule shujaa, nao hutazama juu, huliona gurudumu, huridhika.

Kasuku ameagizwa ayasugue magurudumu yote mawili. La juu linang'aa mpaka unajiona uso. La chini limeanza kuota kutu ya kijani.

"Hili vipi?" Mkuu humuuliza kila Jumatatu.

"Mkono haufiki, Mkuu," hujibu, na ngazi ipo palepale.