Mama Mizani agoma kupaka ng'ombe rangi

Saa kumi na mbili asubuhi, ndama hajamaliza hata dakika ishirini duniani na tayari ananing'inia ndani ya gunia, chini ya mizani ya ndoano. Mama yake anamlamba mguu uliochungulia nje. Mwanamke mwenye mabuti yaliyopasuka kisigino anasoma namba kwa sauti, kisha anaiandika kwenye daftari la shule: kilo ishirini na sita.

"Mdogo, ila ngoja umwone baada ya miezi sita," anasema. "Atamsukuma huyo mama yake."

Kwenye ranchi hii ya ng'ombe wa nyama kila mtu anamwita Mama Mizani. Ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia zizini. Mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "unafika nyumbani umechoka."

Wiki iliyopita alikabidhiwa kopo la rangi nyekundu. Kazi ilikuwa kuwapaka mgongoni majike thelathini na wanane wenye nundu, ili Ijumaa lori liwapeleke machinjioni. Alilirudisha kopo mezani kwa meneja bila kulifungua.

Amri ile ilikuwa na sababu. Mwaka jana mitamba tisa, majike wa uzazi wa kwanza, walikufa wakizaa ndama wakubwa kupita kiasi. Meneja akafungua kadi za kumbukumbu za ng'ombe, akaona ndama wote tisa ni chotara wa ng'ombe wa nundu na wale wekundu wasio na nundu. Akahukumu papo hapo: damu ya nundu inaua, iondoke.

Kumbe kosa liko kwenye kadi zenyewe. Zina mstari mmoja tu wa aina ya ng'ombe. Ukiandika "chotara" umemaliza, hakuna anayeuliza nundu imetoka kwa baba au kwa mama. Daftari la Mama Mizani linauliza.

"Dume wa nundu kwa jike mwekundu, ndama anatoka kilo arobaini na ushee, mtamba anakufa," anaeleza, akigonga ukurasa kwa kidole. "Sasa geuza. Dume mwekundu kwa jike wa nundu: kilo ishirini na kitu, anajizalia mwenyewe, mimi nakunywa chai. Damu ni zilezile! Hawa majike wana kosa gani?"

Daktari wa mifugo anayehudumia ranchi alilisoma daftari hilo akiwa amesimama, hadi ukurasa wa mwisho.

"Kuna jeni ambazo zikitoka kwa baba mwili huzisikiliza, na zilezile zikitoka kwa mama hunyamazishwa," anasema. "Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote hapa, maana hata tumbo la mama lina mchango wake. Lakini daftari hili linasema kweli kuliko kadi."

Meneja hakuyameza hayo kirahisi. Mbele ya wafanyakazi alimkumbusha Mama Mizani kwamba baba yake alifukuzwa ranchi hiihii kwa ubishi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema.

"Ukimtaja baba, mtaje na mama," alijibu Mama Mizani. "Yeye ndiye aliyenifundisha kupima, na hakufukuzwa na mtu." Wenzake waliangua kicheko, mmoja ilimbidi ajifiche nyuma ya ng'ombe.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, haoni cha kuchekesha. "Mke wangu, ng'ombe si wako, kazi ndiyo yako," humwambia. Karo ya binti yao inatoka kwenye mshahara huohuo.

"Na mimi naogopa, tena sana," mkewe anakiri. "Lakini nikiwapaka ile rangi, nitakuwa nimewaua ninaojua hawana hatia."

Ijumaa lori lilikuja, likaondoka tupu. Meneja ametoa sharti kwa maandishi: majike wote thelathini na wanane wapandwe na dume mwekundu. Akifa hata mmoja kwa ukubwa wa ndama, waliobaki wataenda machinjioni na Mama Mizani atakwenda kwake. Mama Mizani alitia sahihi bila kukaa.

Chini ya sahihi yake akaongeza mstari kwa mkono: asipokufa hata mmoja, kadi zote zichapwe upya, na mama aandikwe kwanza.

"Hapo meneja hajatia sahihi," anasema. "Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa. Namsubiri."