Leo nimepewa pole ya mume aliye hai

Jamani, asubuhi hii nimeletewa unga wa msiba na hakuna aliyekufa.

Amina wangu wa miaka minane anasomea nyumbani. Kila siku namsomea sura moja ya hadithi, kisha anaisimulia kwa maneno yake. Simkatizi. Ila kusema "kitabu kinasema" nimempiga marufuku, nataka hadithi iwe yake.

Leo tulipomaliza akaenda bombani.

Saa nne naona majirani wanaingia na mikeka. Mtaa wetu mzima wa Walukuba! Mama Zaituni ananikumbatia, analia. "Pole, mama Amina. Mto umemchukua."

Umemchukua nani? Mume wangu yuko Mbale kwa mama yake tangu juzi!

Napiga simu, haipatikani. Napiga tena. Wallahi nikaanza kulia nao.

Mara ya tatu akapokea, mdomo umejaa malewa, yale machipukizi ya mianzi anayopika mama yake. "Kuna nini?"

Nikamgeukia Amina. Uliwaambia nini bombani?

"Mama Zaituni aliniuliza habari za nyumbani. Nikamsimulia. Baba alienda mlimani, akavuka mto, hakurudi."



Nikawaonyesha kitabu. Mama Zaituni akafuta machozi, halafu akakaa tena kwenye mkeka.

"Sasa huyo baba wa kitabuni, amekufa kweli?"

Sijui! Hatujafika huko!

Wamekataa kuondoka. Unga uko jikoni, wanawake tisa wako sebuleni, wanangoja sura ya kesho.

Hebu niambieni, hapa kwangu ni matanga au ni darasa?