Mtu Asiyepekuliwa

Mimi huuza omena, dagaa wa ziwani, kando ya geti la mpaka wa Busia, kwa hivyo habari za Egwang sikuhadithiwa na mtu. Polio ilichukua miguu yake akiwa mdogo, ikamwachia mikono ya chuma. Kwa mikono hiyo huendesha baiskeli ya magurudumu matatu, akivusha mchele na sabuni kutoka Uganda. Hapa kwetu watu kama yeye hawapekuliwi. Askari huwaonea huruma, na wamezoea hivyo.

Ana virusi vya UKIMWI, na hajawahi kunificha. Aliniomba niwe msaidizi wake, nimkumbushe dawa kila jioni na kumsindikiza kliniki. Miaka mingi alimeza vizuri, hata sista wa kliniki akawa anawatolea wengine mfano wake.

Shida ilianzia mabegani, maana kuvuta magunia kwa mikono si mchezo. Hesbon, mwenye kibanda cha simu karibu na geti, upande wetu wa Kenya, akampa tramadoli, vidonge vikali vya maumivu. Egwang alipata nafuu, akaongeza. Wenzake wa kliniki nao walikuwa wanavimeza, kila mtu na maumivu yake. Halafu polisi wakakaza kamba, vidonge vikaadimika. Hesbon hakukosa la kufanya, akaleta heroini ya kuvuta. Pesa hakutaka. Alitaka Egwang amvushie vifurushi chini ya kiti.

Basi akanaswa. Akikataa kubeba, hapati ya kuvuta, na asipovuta anatetemeka na kuharisha hadi unamlilia. Akivuta, saa ya dawa inamkuta amelala fofofo, nami nagonga mlango mpaka nachoka. Sasa virusi vimepanda. Nilimkasirikia, jamani! Nilimtukana hadi majirani wakatoka nje kutazama.

Wiki jana akamwambia sista ukweli wote. Sista hakumkemea. Alisema ipo methadoni, dawa ya kumtoa kwenye heroini, lakini hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na ya karibu iko Kisumu, safari ya saa mbili kwa gari.

"Kila siku Kisumu, sista? Na hii baiskeli?"

Tulirudi nyumbani.

Jana nikamwona akitoka ng'ambo na mzigo wake. Alipofika kwa askari wa geti, akasimamisha baiskeli. Tangu nimjue, hajawahi kusimama pale.

"Afande, nikague leo."

"Wewe mzee? Nikukague nini?"

"Chini ya kiti. Tafadhali."

Askari akacheka. Mimi nikasimama, sinia la omena mkononi. Ningeweza kupiga kelele kwamba vifurushi vya Hesbon viko pale, kweli. Lakini nikawaza, huko seli nani atampa dawa zake za jioni? Nani atajali akianza kutetemeka? Nikanyamaza, na nilijichukia kwa kunyamaza.

Egwang alikuwa analia. Askari akaona machozi, akaacha kucheka.

"Pole, mzee wangu. Umechoka na hii jua. Wacha nikusukume."

Akatundika bunduki begani, akashika baiskeli kwa nyuma, akaanza kusukuma. Egwang aling'ang'ania breki, lakini breki zenyewe zimeisha. Askari alimpitisha getini, akampitisha mbele yangu, akamfikisha hadi mlangoni pa kibanda cha Hesbon.

Hesbon akatoka, akamshukuru afande kwa adabu zote.