Siku ya Ndoa, Mkojo Ulipoziba

Miaka ile nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu ikiwa Kurasini. Biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, makontena yanamiminika, na mie kutwa niko juani kati ya yadi na yadi. Popote nilipofika, kitu cha kwanza kukitafuta kwa macho kilikuwa choo. Haja ndogo ilinibana ghafla, nikiingia inatoka kidogo kidogo, nikitoka matone yananifuata. Nikishatawadha, sina hakika kama udhu bado upo. Safari za mbali niliziacha. Kwa daktari sikwenda. Nilijiambia ni uzee tu.

Binti yetu alilelewa na mama yangu Kimbiji, na mama alitaka ndoa ifungwe kwake. Walii ni mie, baba yake. Wiki hiyo nikapatwa na mafua makali. Kabla ya kuondoka Tandale, tulikokuwa tukiishi, nikapita duka la dawa, nikanunua vidonge vya mafua na kumeza palepale. Sikutaka kuozesha binti huku napiga chafya.

Tulipovuka na pantoni, nikaingia chooni upande wa Kigamboni. Nilibanwa kweli, lakini hakikutoka kitu. Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa akitungoja. Nikakaa kati yake na mke wangu, magoti yamegota mbele. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo nililisikia chini ya kitovu. Nikaomba gari lisimame, nikaenda nyuma ya mikorosho, nikarudi vilevile.

"Umekwenda?" mke wangu akanong'ona.

"Haitoki."

Akataka tugeuze. Nikakataa, huko kwa mama watu walikuwa wameshakaa kutungoja.

Tulipofika Kimbiji, nikaketi mkekani, nikamshika mkwe mkono. Shehe alisoma hotuba yake kwa utulivu, nami tumbo limekaza kama ngoma na jasho linapenya kanzu. Siwezi kuinuka, siwezi kusema. Watu walidhani ni huruma ya mzazi; mmoja akanipa kitambaa nijifute. Nilipoyarudia maneno ya kuozesha, sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine. Binti yangu alikuwa chumbani akinisubiri nimwombee dua. Sikufika hata mlangoni. Walinishika mabegani, wakanirudisha kwenye pikapu, tukaanza tena mashimo yaleyale.

Hospitalini daktari, kijana wa bara, aliniingiza mpira wa kutolea mkojo, na chombo kikajaa mbele ya macho yangu. Nilipoweza kuzungumza, akauliza, "Shikamoo mzee. Leo umekunywa dawa gani?"

Nikamweleza habari ya mafua. Akasema tezi dume yangu imekua, imeibana njia ya mkojo, na baadhi ya dawa za mafua huikaza njia hiyohiyo. Akaniandikia vidonge. Mke wangu alipojua kuwa ni vya presha akashangaa, maana presha sina. Daktari akaeleza kwamba vinalegeza misuli ya pale njiani. Tezi yenyewe havipunguzi. Nimeze wakati wa kulala, na nisiinuke kwa pupa.

Nilikaa nyumbani na mpira na mfuko chini ya shuka, nikiwasikia wapangaji wenzangu uani wakiingia chooni na kutoka kama si jambo. Siku ya kuutoa mpira hospitalini, wauguzi walininywesha maji, wakaniketisha kwenye benchi. Niliogopa kuliko siku ya ndoa. Mkojo ulipotoka, nililia mle chooni hadi muuguzi akagonga mlango.

Vidonge vilinisaidia, lakini vilikuja na mambo yake. Nikiinuka kutoka kwenye sijida, kiza kinanifunika. Mara moja nilianguka msikitini, tangu hapo nikawa naswali nimekaa. Dawa zilipopungua madukani, niliogopa hata kutoka mtaani.

Binti alikuja na mumewe kututembelea. Tulipobaki wawili akasema, "Baba, siku ya ndoa uliondoka bila kuniona; waliniambia unaumwa, lakini nilijua umekasirika. Nilidhani humtaki mume wangu."

Sikuwahi kufikiri baba anaweza kumweleza bintiye mambo ya mkojo. Nikamweleza yote, macho yangu yako sakafuni. Akauliza kama niliumia sana. Nikasema sana. Akainamisha kichwa, nikamwekea mkono, nikasoma ile dua.