Mganda wa Kaloleni aliyemuuliza mama yangu swali moja kuhusu chira

Wakuu, nawasalimu. Kisa hiki ni cha kweli na sitaongeza chumvi, maana watu wa Kisumu wamejaa humu na watanirudi.

Miaka ya tisini nilikuwa nakaa Kaloleni. Dada yangu Akoth, mjane, alikuja kwangu akikohoa, amebaki mifupa.

Mama yetu akafika kutoka nyumbani na chupa ya manyasi, dawa ya mitishamba. Kwake jibu lilikuwa wazi: Akoth alipanda mahindi kabla ya mama mkwe wake, na kwetu Wajaluo ukivunja mwiko huo unapata chira. Chira hukukondesha mpaka kaburini.

Hospitali? Mama alisema mwenye chira akidungwa sindano anakufa haraka. Kubishana na mama yangu ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Sasa, jirani yetu alikuwa Mganda. Tulimwita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Alikimbia vita kwao miaka ya themanini, akafiwa na mume hapa hapa, akawa anashona uniform za shule pale veranda.

Huyu mama nilimheshimu sana. Karani wa hospitali akisikia lafudhi yake na kumuuliza ametoka wapi, alijibu kwa upole, "Kaloleni," na hakubanduka dirishani mpaka apewe kadi. Alichokuwa anatibiwa hatukukijua.

Siku moja aliingia akamkuta Mama akimnywesha Akoth manyasi. Akaketi, akakunja mkono wa sweta yake.

"Mama, angalia mkono yangu, angalia ya Akoth."

Mikono yote miwili ilikuwa imekonda sawasawa.

"Mimi ni Mganda. Sijapanda kwa shamba ya mtu. Hiyo chira yenu imenijulia wapi?"

Mama akaiweka chupa ya manyasi chini.

"Mimi niko na ukimwi. Hiyo haina dawa. Lakini TB ilinishika, nikadungwa sindano, ikapona. Nipe huyu mtoto nimpeleke."

Wakuu, siku hizo ukimwi ulitajwa kwa kunong'ona. Mlango ulikuwa wazi, majirani wakasikia, na wateja wakaacha kumletea vitambaa. Alijua itakuwa hivyo, na bado alisema.

Mama alikubali kwa masharti: asubuhi sindano, jioni manyasi.

Nalongo akacheka. "Ni sawa, Mama. Bora asubuhi ni yangu."

Kila asubuhi wakatoka pamoja, mgonjwa akimshika mgonjwa mkono. Akoth akapona TB. Baadaye alipimwa akakutwa na virusi, lakini wakati huo alikuwa anasimama kwa miguu yake, na alikuwa na Nalongo wa kumuuliza.

Nalongo alifariki kabla ARVs hazijafika. Akoth alizifikia, na leo anabeba wajukuu. Hilo hunifurahisha na kuniuma kwa pamoja.

Mama alifuata mila ya kupanda mpaka alipofariki. Lakini kijijini mtu akikonda na watu wakianza habari za chira, aliwauliza, "Na yule Mganda, alipanda shamba ya nani? Toeni mgonjwa aende hospitali."

Funzo langu ni msemo mnaoujua: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huusema wakiwaza kuku wa mgeni. Kwetu mwenyeji alipona kweli.

Kama kuna mtu wa Kaloleni ya zamani ambaye Nalongo alimshonea uniform, aseme neno hapa. Akoth ameniomba nimsomee comments zote.