Moshi Tulioukubali

Tanuri lilipoanza kazi nyuma ya ukuta wa matofali mwishoni mwa mtaa wetu, sikuliona. Nililisikia. Asubuhi vijana wawili walipasua betri chakavu za magari kwa shoka, na mlio wake ulikuwa mzito na mfupi. Mchana walimwaga maji ya betri kwenye mtaro. Jioni waliyeyusha madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya zile betri, na moshi ukapanda juu ya ukuta, ukasita kidogo, kisha ukashuka kwetu. Dodoma upepo wa kiangazi huvuma kutoka mashariki, na tanuri lilikuwa mashariki ya nyumba zetu.

Mimi ni fundi wa mota. Niliishia darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, kwa kamusi na vitabu vilivyotumika vinavyouzwa kando ya barabara. Kwenye karakana moja ya Kizota nasuka upya mota za pampu zilizoungua. Ni kazi ya kuhesabu mizunguko ya waya wa shaba bila kukosea. Ukiruka mizunguko michache, mota itawaka vizuri mbele ya mteja na kuungua tena shambani. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu aliyezoea kazi ya namna hiyo hawezi kupitiwa na jambo dogo.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kirangi, mwenyeji wa Kondoa, aliyepika maandazi na kuyauza kwenye maofisi. Aliishi na binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akicheza kwenye mchanga wa uani kwao, mahali ambapo vumbi la kijivu lilitua kila jioni. Alianza kulalamika tumbo. Akakataa chakula. Baadaye yale maneno machache aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea, moja baada ya jingine. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, na aliporudishwa wakampa tena. Mara ya tatu walimkuta daktari kijana ambaye, badala ya kuandika haraka, aliuliza nyumba yao imepakana na nini. Alipoambiwa, aliweka kalamu chini. Alisema huenda ni sumu ya risasi iliyoingia mwilini, kwamba pale hawana kipimo chake, na kwamba hata akipimwa na kutibiwa, akirudi kwenye moshi uleule dawa haitamsaidia.

Jioni hiyo mama alikuja kwangu. Hakutaka kuketi.

"Kaka, wewe ndiye unayesoma mavitabu. Niambie niende ofisi gani."

Nilimwambia aniachie mimi. Nakumbuka vizuri kwamba hayo ndiyo maneno niliyoyatumia.

Nilifungua daftari. Kwa wiki kadhaa niliandika siku, saa moshi ulipoanza, saa ulipoisha, na upepo ulikotoka. Niliisoma sheria ya mazingira kifungu kwa kifungu, nikipiga mstari chini ya maneno niliyotaka kuyatafuta kwenye kamusi. Nilipoona nimekamilisha nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa. Alikuwa mtu mpole, mezani kwake kuna mihuri miwili na chupa ya chai. Alilipekua daftari langu kwa heshima, akanirudishia.

"Fundi, hii ni kazi nzuri, lakini hii ni sauti yako wewe. Huko juu watauliza wananchi wanasemaje. Niletee muhtasari wa mkutano na mahudhurio."

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwenyekiti wa mtaa aliongoza na mimi nikachaguliwa kuandika. Nilikuwa nimeandaa karatasi tano za mahudhurio, nimezipiga mistari kwa rula: namba, jina, nyumba, simu, sahihi. Nilitengeneza tano ili zizunguke kwenye safu tano kwa wakati mmoja, watu wasicheleweshwe. Madhumuni ya mkutano niliyaandika kwenye daftari la muhtasari peke yake. Juu ya zile karatasi tano hapakuwa na neno lolote. Niliziona nadhifu, na nilifurahi kuwa wa kwanza kutia sahihi. Mama yule alitia ya pili.

Mtu aliyekulia uwanda huu anajua kinachotokea karatasi ya majina inapopita. Katika miaka ya njaa, ambaye hakuandikwa hakupata mahindi ya serikali. Wapo waliorudi nyumbani na gunia tupu kwa sababu tu siku ya kuandikwa walikuwa machungani. Kwa hiyo kwetu watu huandika kwanza, habari ya orodha ni ya nini huja baadaye. Karatasi zangu zilijaa kabla mwenyekiti hajamaliza kufungua kikao. Waliokuwa wakipita njia waliingia uwanjani, wakaomba kalamu, wakaandika, wakaenda zao.

"Fundi, safari hii ni mahindi au mchele?" aliuliza mzee mmoja wa Kigogo, amejifunga shuka, fimbo yake mapajani.

"Si chakula, babu. Ni habari ya moshi."

"Moshi nao siku hizi mnagawa? Basi mimi wangu nimeshaupata. Niandikie wa mke wangu, yuko nyumbani."

Watu walicheka sana. Naye aliandika kweli, jina lake na la mkewe, sahihi mbili zinazofanana. Nami nilicheka.

Kijana mmoja wa tanurini alisimama akasema tunataka kuwakatia riziki. "Sisi tunaoshinda mle ndani mbona hatujafa? Nyie mnaopata harufu tu ndio mnapiga kelele."

"Wewe hujafa, lakini umejitazama rangi yako?" mwanamke mmoja alimjibu kutoka nyuma. "Umekuwa kama jivu la jana!"

Wakacheka tena. Ndipo mama akasimama na mtoto wake mgongoni, na kicheko kikakatika.

"Mimi sina mengi," alisema. "Mwanangu alikuwa anasema maji, anasema nipe, anasema twende. Sasa hivi ananionyesha kwa kidole. Nawaombeni."

Akaketi. Hakuna aliyepinga baada ya hapo. Tuliazimia kwamba tanuri lisimame, udongo na maji ya mtaroni vipimwe, na watoto wa nyumba za jirani wapelekwe kupimwa damu. Niliandika azimio neno kwa neno, nikalisoma kwa sauti, mikono ikanyooshwa.

Jumatatu, mapema, mtendaji alikuja mlangoni kwangu. Alitaka muhtasari na mahudhurio akavichapishe, vigongwe muhuri na kupelekwa. Nami nilikuwa na mguu nje: pampu ya shamba moja la mizabibu huko Makutupora ilikuwa imeungua, na miche ilikuwa na siku ya tatu bila maji. Muhtasari nilikuwa nimeunakili mwenyewe usiku uliopita, pamoja na nukta na mikato yake. Zile karatasi tano sikuzinakili. Kwangu yalikuwa majina tu. Nilimkabidhi vyote, tukaagana vizuri.

Tulingoja. Betri ziliendelea kupasuliwa. Baada ya mwezi mmoja hivi tuliona mafundi wa kuchomelea wamepanda ukutani. Waliongeza bomba la moshi kimo cha mtu mmoja na nusu, wakalipaka rangi ya fedha. Moshi ulipanda juu kidogo zaidi, kisha ukashuka kwetu. Mama aliniuliza kama hiyo ndiyo hatua iliyochukuliwa. Nilimwambia hapana, subira kidogo, serikali ina taratibu zake. Mtoto alikuwa ameanza kujikwaa akitembea mahali pa tambarare.

Nilipochoka kungoja niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisi ya mazingira ya mjini. Nilizungushwa madirisha matatu, hatimaye nikapelekwa kwa afisa mmoja, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuja kufuatilia barua ya mtaa wetu, ile ya tanuri la betri."

Alitafuta jalada, akalipata bila shida. Alilifungua, akasoma, akaniangalia kama mtu asiyeelewa nimefuata nini.

"Lakini hili lilishamalizika, baba. Wananchi waliridhia."

Aligeuza jalada upande wangu. Muhtasari ulikuwa umechapwa kwa kompyuta, una muhuri. Ulisema kwamba wakazi walikutana tarehe ileile, uwanja uleule, wakajadili malalamiko ya moshi, na wakaridhia shughuli iendelee kwa sharti kwamba mmiliki aongeze urefu wa bomba. Nyuma yake zilikuwa zimebanwa karatasi tano zilizopigwa mistari kwa rula. Mistari ilikuwa yangu. Namba moja ilikuwa sahihi yangu.

"Hii siyo," nilisema. "Sisi hatukusema hivi."

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hawa wengine ni watu wa mtaa wako?"

"Ndiyo, lakini walisaini kitu kingine."

"Kipi? Hapa juu hapajaandikwa kitu kingine." Alisema bila ubaya wowote. Alitelezesha kidole juu ya karatasi, mahali ambapo kichwa cha habari kingekuwa, mahali peupe.

Nilitoa daftari langu nikamwonyesha nakala niliyoiandika kwa mkono. Aliisoma yote. Namshukuru kwa hilo.

"Nakuamini, baba. Sikufichi. Ila hili ni daftari lako, na mimi nafanya kazi na nyaraka zenye muhuri. Rudini, mfanye mkutano mwingine, mlete muhtasari mwingine."

Hadi leo sijui nani alibadilisha. Mtendaji aliniambia alipeleka kile alichopewa na mchapaji. Mwenyekiti alisema yeye alitia sahihi pale palipowekewa alama ya penseli. Huenda mmoja wao alidanganya, huenda wote. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka kadhaa sasa na kila mara narudi kwenye ile sehemu nyeupe. Neno moja tu la wino, "kusimamisha", juu ya kila karatasi, lingetosha. Mtu aliyetaka kutudhulumu angelazimika kughushi sahihi za mtaa mzima. Mimi nilimpa sahihi za kweli, zimepangwa kwa namba.

Nilimweleza mama jioni ileile, akiwa anakanda unga. Aliendelea kukanda nilipokuwa nikisema. Nilipomaliza alisimama na mikono ndani ya beseni.

"Kwa hiyo namba mbili ni mimi."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyewaambia moshi uendelee."

"Siyo wewe, dada. Ni karatasi."

"Karatasi ya nani, kaka?"

 Alifunika unga kwa kitambaa, akaingia ndani kwa mwanawe.

Niliandaa orodha ya pili. Safari hii kila ukurasa ulikuwa na kichwa cha habari cha mistari mitatu, na chini yake mstari wa wino mwekundu. Mwenyekiti alikuwa akiahirisha mkutano kila nilipomfuata, kwa hiyo nilizunguka nyumba kwa nyumba mwenyewe. Habari za karatasi za kwanza zilikuwa zimenitangulia. Watu walinikaribisha, walinipa kigoda, na walipoona kalamu walikunja mikono.

"Safari hii tutakuwa tumekubali nini?" aliuliza mwanamke yuleyule aliyemtania kijana wa tanurini. Hakuwa anatania.

Yule mzee wa Kigogo aliniambia nimsomee kichwa cha habari. Nilisoma. Akaniambia nirudie. Nilirudia.

"Maneno mazuri," alisema. "Yale ya kwanza nayo yalikuwa mazuri ulipotusomea. Mjukuu wangu, tangu nizaliwe sijawahi kuikimbia karatasi ya majina. Hii naiogopa."

Ukurasa wa kwanza haukujaa. Waliosaini walikuwa mke wangu, ndugu zake wawili, mwalimu mmoja mstaafu, na wengine wachache ambao naamini walinionea huruma. Mlango wa mama niliuacha mwisho. Alisoma kichwa cha habari mwenyewe, polepole, hadi kwenye nukta. Kisha alinirudishia karatasi bila kuandika.

"Nimepata nafasi kwenye basi la kesho," alisema. "Nampeleka Kondoa kwa mama yangu. Huko milimani hakuna maofisi ya kuuzia maandazi, lakini tutakula."

Nilimsaidia kubeba vyombo hadi stendi. Mtoto alikuwa amevaa sweta ijapokuwa kulikuwa na joto, amemlalia bibi mmoja asiyemjua aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Nilimuaga, akanitazama tu. Zamani alikuwa akiniita "mjomba".

Orodha ya pili niliipeleka mwenyewe. Ilipokelewa na kugongwa muhuri. Baadaye wakaguzi walikuja siku moja asubuhi, siku ambayo tanuri halikuwashwa na uwanja wake ulikuwa umefagiwa, wakaandika walichokiona, wakaondoka. Nilituma barua nyingine, na nyingine. Naendelea.

Siku ya Idi mama alinipigia simu. Tulisalimiana, akauliza hali ya mke wangu, nikauliza mvua za huko. Mtoto, alisema, ameongezeka uzito kidogo. Kusema bado. Nyuma yake nilisikia kuku na mtu akitwanga.

"Wamezima?" aliuliza.

"Bado."

"Haya, kaka. Msalimie wifi."

Alikata kabla yangu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na mke wangu alikuwa ameanza kufunga madirisha ya upande wa mashariki.